Delhi Hadi Tokyo: Umbali Mmoja, Safari Mbili

Mtu akitafuta umbali wa kutoka Delhi hadi Tokyo kwa ndege, jibu halikawii: kilomita 5,860 hivi. Chini ya namba hiyo mara nyingi huwekwa muda wa safari, na ukigawanya kilomita hizo kwa mwendo wa kilomita 900 kwa saa utaona muda huo ulikotoka: saa sita na nusu. Hesabu haina kasoro. Lakini fungua ratiba za mashirika yanayoruka kati ya miji hiyo uone. Kwenda Tokyo kunaandikwa muda wa saa saba na nusu hadi karibu nane. Kurudi Delhi kunaandikwa saa tisa na nusu, pengine na dakika kadhaa juu yake. Miji ni ileile na ndege ni za aina ileile, lakini kwenda na kurudi kunapishana kwa takriban saa mbili, na hakuna upande hata mmoja unaolingana na zile saa sita na nusu.

Nimechagua njia hii kwa makusudi. Ni ndefu kiasi cha kuonyesha karibu kila jambo linaloamua muda wa safari ya angani, na inapita jirani na milima mirefu kuliko yote duniani na ndani ya pepo kali kuliko zote. Anayeielewa njia hii ataweza kusoma ratiba ya safari nyingine yoyote ya Asia bila kubabaika, na hatakosa ndege ya kuunganisha kwa sababu ya hesabu ya kugawanya kilomita.

Tuanze na hizo kilomita. Uwanja wa Indira Gandhi wa Delhi uko latitudo ya digrii 28.6 kaskazini na longitudo ya digrii 77.1 mashariki. Haneda, uwanja wa Tokyo ulio karibu zaidi na katikati ya jiji, uko digrii 35.6 kaskazini na 139.8 mashariki. Kwa kuwa dunia ni tufe, njia fupi kupita zote kati ya sehemu mbili ni kipande cha duara ambalo kitovu chake ndicho kitovu cha dunia. Duara la namna hiyo huitwa duara kuu. Mwenye tufe la shuleni nyumbani anaweza kuliona kwa macho: ashike uzi, mwisho mmoja Delhi na wa pili Tokyo, avute mpaka ukaze. Pale uzi ulipolala ndipo duara kuu lilipo. Sasa ukokotoe pembe ambayo miji hii inaifanya kwenye kitovu cha dunia, utapata digrii 52.7. Kila digrii ina maili za baharini 60, na maili ya baharini ni kilomita 1.852. Zidisha zote tatu, utafika kilomita 5,856. Zile chache zinazopungua zimepotea kwenye desimali.

Uzi huo ukiuhamishia kwenye ramani bapa ya ukutani, unapinda. Unatoka Delhi ukielekea kaskazini-mashariki, unakata kona ya mwisho ya Nepal upande wa kaskazini-magharibi, unaingia Tibet, unapita karibu sana na mji wa Lanzhou, na unafikia upeo wake wa kaskazini kwenye latitudo ya digrii 37, jirani na pwani ya Shandong. Hapo unavuka Bahari ya Njano, unapita kusini kidogo ya Seoul, kisha unateremka hadi Tokyo. Mstari ambao ungeonekana umenyooka kwenye ramani hiyo ya ukutani ungekuwa na kilomita 5,950 hivi, na katikati ya safari ungekuwa kusini ya ule wa kwanza kwa zaidi ya kilomita 400. Kumbe mistari miwili inayoachana kiasi hicho inatofautiana kwa urefu wa kilomita 90 tu. Ni jambo la kukumbuka, kwa sababu wapanga safari za ndege wanalitegemea: unaweza kuuacha mstari mfupi kwa mbali sana na usilipe kilomita nyingi. Upepo ukiwa mzuri huko pembeni, malipo hayo yanarudi na faida juu.

Hesabu ya duara kuu si ya jana. Ndiyo inayotumika kukokotoa mwelekeo wa kibla, na ndiyo iliyomshughulisha Abu Rayhan al-Biruni, mwanazuoni wa Khwarezm, katika kitabu chake Tahdid nihayat al-amakin alichokimaliza mwaka 1025. Al-Biruni alikuwa Ghazna, mji ambao leo uko Afghanistan, na alitaka kujua mahali pake hasa juu ya dunia. Latitudo haikumpa shida, kwani hupimwa kwa jua au nyota. Longitudo ndiyo ilikuwa kazi. Akachukua urefu wa njia za misafara, mji hadi mji, kuanzia Baghdad kuelekea mashariki, akapunguza sehemu kwa ajili ya kona za milimani na mizunguko ya barabara, na kwa umbali ulionyooka alioupata, pamoja na latitudo za miji, akakokotoa longitudo. Ni kazi inayostahili heshima kubwa, na inatufaa hapa kwa sababu imetazama tatizo letu kutoka upande wa pili. Yeye aliijua njia ambayo watu na ngamia waliipita, akautafuta mstari ulionyooka. Sisi mstari tunapewa bure, tukabaki hatuijui njia.

Basi njia ikoje? Ndege zinazotoka Delhi kwenda Tokyo kwa kawaida haziufuati ule uzi kuingia Tibet. Zinaelekea mashariki juu ya bonde la Ganga, zikiwa na Himalaya upande wa kushoto, zinapita Bengal, zinavuka Myanmar, zinaingia China kupitia jimbo la Yunnan maeneo ya Kunming, zinakatiza China ya kusini hadi Bahari ya China Mashariki, kisha Japani. Ukipima vipande viwili tu, Delhi hadi Kunming na Kunming hadi Tokyo, unapata kilomita 6,280 hivi. Hizo ni zaidi ya 400 juu ya umbali ulioandikwa, na hapo hatujahesabu mizunguko ya kuondoka uwanjani na ya kusubiri zamu ya kutua.

Wengi wakisikia habari ya Himalaya hudhani kwamba ndege inaogopa kugonga kilele. Mlima Everest una mita 8,849, na ndege ya abiria husafiri mita 11,000 au 12,000 kutoka usawa wa bahari, kwa hiyo nafasi ipo. Tatizo liko kwenye pumzi ya abiria. Hewa ya nje kwenye mwinuko ule ni nyepesi mno, mtu akiivuta anapoteza fahamu ndani ya muda mfupi, ndiyo maana ndege hushindilia hewa ndani ya chumba cha abiria. Ikitokea hewa hiyo ikavuja, barakoa zinadondoka kutoka juu ya viti na rubani anaishusha ndege upesi hadi futi 10,000, yaani mita 3,000 hivi, ambako binadamu anaweza kupumua bila msaada. Katika ndege nyingi barakoa hizo hupata oksijeni kutoka kwenye mikebe midogo inayoitengeneza kwa kemikali, na mkebe ukishaanza kufanya kazi unadumu dakika 12 hadi 22 kulingana na aina yake. Baharini au juu ya tambarare muda huo unatosha na kubaki. Juu ya Tibet hautoshi. Nyanda zile zina wastani wa zaidi ya mita 4,500 kutoka usawa wa bahari na zinatanda kilomita zipatazo 2,500 kutoka magharibi hadi mashariki. Rubani anayetafuta mita 3,000 hapo atakutana na ardhi kabla hajazipata. Atalazimika kubaki juu na abiria wake, mikebe ikielekea kwisha, na ukingo wa nyanda bado uko mwendo wa saa nzima au zaidi mbele.

Kuna shida ya pili inayofanana na hiyo. Ndege ya injini mbili ikipoteza injini moja haiwezi kukaa kwenye mwinuko wake wa kawaida, hushuka taratibu mpaka pale injini iliyobaki inapoweza kuibeba. Chini yake pakiwa na milima, mahali hapo panaweza kuwa chini ya vilele. Kwa sababu hizo, njia za anga zinazopita juu ya nyanda za Tibet zipo, ila hazitumiwi na kila mtu. Ndege inayozipita inatakiwa iwe na oksijeni ya muda mrefu zaidi, na marubani wake wawe wamepangiwa mapema, kipande kwa kipande, pa kukimbilia endapo jambo litaharibika. Mashirika mengi yanaona afadhali kuzunguka kusini na kulipa kilomita 400 za mafuta. Mimi naliona hilo kuwa mfano mzuri wa kilomita zinazoongezwa kwa busara, na abiria anayelalamika kwamba ndege "imezunguka" angefurahi kama angejua sababu.

Hadi hapo tumeeleza kwa nini safari ni ndefu kuliko ile namba ya kwanza. Hatujaeleza kwa nini kwenda na kurudi hakulingani.

Maelezo yanayosikika zaidi ni kwamba dunia inazunguka kuelekea mashariki, kwa hiyo ndege inayokwenda magharibi inalakiwa na mji wake na ile inayokwenda mashariki inaukimbiza. Maelezo hayo yangekuwa kweli, basi kwenda Tokyo ndiko kungechukua muda mrefu, na ratiba zinasema kinyume. Kosa lake ni kusahau kwamba hewa inazunguka pamoja na dunia. Ndege inaogelea ndani ya hewa hiyo, kwa hiyo mzunguko wenyewe hauipi wala hauinyimi kitu. Kinachoipa na kuinyima ni mwendo wa hewa kupita mwendo wa ardhi, nao ni upepo.

Mwanzoni mwa miaka ya 1920 mtaalamu wa hali ya hewa wa Japani aitwaye Wasaburo Ooishi alikuwa akirusha maputo kutoka kituo cha Tateno, kaskazini-mashariki ya Tokyo, na kuyafuatilia kwa darubini yakipaa. Wakati wa baridi maputo yalipofika kilomita tisa hivi juu yalichukuliwa kuelekea mashariki kwa kasi iliyozidi kilomita 200 kwa saa. Ooishi alitoa matokeo yake mwaka 1926 kwa Kiesperanto, lugha ambayo aliamini ingewafikia wanasayansi wa mataifa yote. Haikuwafikia. Miaka 18 baadaye, tarehe 24 Novemba 1944, ndege za kivita za B-29 za Marekani zilipokwenda kuishambulia Tokyo zikiwa juu sana, ziliingia ndani ya upepo huohuo, na mabomu mengi yakaanguka mbali na shabaha. Wajapani wao walikuwa wanaujua. Kuanzia mwezi huo hadi Aprili 1945 waliachia zaidi ya maputo 9,000 yenye mabomu ili upepo uyavushe Pasifiki hadi Amerika Kaskazini.

Upepo huo ni mto mwembamba wa hewa unaopita juu angani kuelekea mashariki, na chanzo chake ni tofauti ya joto kati ya nchi za karibu na ikweta na zile za karibu na ncha ya dunia, ikisaidiwa na mzunguko wa dunia unaoipindisha hewa inayotaka kwenda kaskazini. Asia ya mashariki tofauti hiyo ni kubwa kuliko kwingine kokote. Wakati wa baridi Siberia inaganda huku maji ya Pasifiki ya magharibi yakibaki vuguvugu, na mikono miwili ya mto huo, mmoja unaopita kusini ya Himalaya na mwingine unaotoka kaskazini, inakutana karibu na Japani. Pale kasi ya kilomita 300 kwa saa si ajabu mwezi Januari.

Watu wa pwani yetu hawahitaji kufundishwa maana ya jambo hili. Nahodha wa jahazi aliyetoka Zanzibar au Lamu kwenda Uhindi hakuulizwa ni maili ngapi, aliulizwa ni msimu gani. Kwa kusi alikwenda, kwa kaskazi alirudi, na asiyengoja upepo wake alikaa bandarini miezi. Rubani wa leo ana injini zinazoweza kuushinda upepo, lakini gharama ya kuushinda anailipa kwa saa na kwa mafuta. Isitoshe, pepo za jahazi na zile za ndege zimeunganishwa na majira yaleyale. Kipindi cha baridi ule mkono wa kusini wa mto wa hewa unapita juu ya India ya kaskazini. Kufikia Juni unakuwa umehamia kaskazini ya Tibet, na kuhama huko kunakwenda sambamba na kuingia kwa mvua za masika ya India, zinazoletwa na pepo zilezile za kusi zilizokuwa zikisukuma majahazi.

Tuweke namba. Chukua kilomita 6,280 za njia ya Kunming na ndege kama Boeing 787 inayokata hewa kwa kilomita 900 kwa saa. Pasipo upepo wowote, safari ingechukua saa 6 na dakika 59. Sasa weka upepo wa wastani wa kilomita 120 kwa saa ukitoka nyuma. Mwendo juu ya ardhi unakuwa 1,020, na muda unashuka hadi saa 6 na dakika 9. Rudi na upepo huohuo usoni, mwendo unakuwa 780 na muda unafika saa 8 na dakika 3. Karibu saa mbili zimepatikana hapo, ndizo tulizoziona kwenye ratiba. Wastani niliouchagua ni wa mfano tu. Siku za katikati ya baridi unaweza kuwa mkubwa zaidi, na Julai ukawa mdogo sana.

Ndani ya hesabu hiyo kuna jambo ambalo wengi hawalioni. Jumlisha kwenda na kurudi kukiwa na upepo: saa 14 na dakika 12. Bila upepo ingekuwa saa 14 pungufu ya dakika tatu. Upepo uliokusaidia kwenda haukurudishii vyote unavyokunyang'anya wakati wa kurudi, kwa sababu ndani ya upepo wa mbele unakaa muda mrefu zaidi kuliko ulivyokaa ndani ya upepo wa nyuma. Robo saa hiyo inapotea kila ndege inapokwenda na kurudi, na kwa shirika linaloruka kila siku ni mafuta mengi. Ndiyo maana wapanga safari hawana njia moja ya kudumu. Kila siku wanapokea utabiri wa pepo za juu, na ndege inayorudi magharibi wanaitafutia njia inayoukwepa ule mto, hata ikiwa ndefu zaidi kwa kilomita. Hapo ndipo ile hoja ya mistari miwili inayotofautiana kwa kilomita 90 inapoleta faida.

Zile dakika zilizobaki kati ya saa 6 na dakika 9 na saa saba na nusu za ratiba zinakwenda wapi? Ratiba huanza kuhesabu ndege inapoondoka kwenye maegesho na huacha kuhesabu inapoegeshwa tena. Kutembea ardhini hadi njia ya kurukia, foleni, kupanda kwa mwendo mdogo, kushuka kwa mwendo mdogo, na zamu ya kutua Haneda, vyote vimo. Mashirika huongeza na akiba kidogo. Kwa Delhi akiba hiyo ni ya lazima, hasa Desemba na Januari, ukungu unapofunika uwanja alfajiri hadi rubani haoni mwisho wa njia ya kurukia.

Halafu kuna saa ya ukutani, ambayo nadhani imewachanganya abiria wengi kuliko pepo zote. Tokyo iko mbele ya Delhi kwa saa tatu na nusu. Tuseme ndege inaondoka Delhi saa 2:00 usiku na kukaa njiani saa 7 na dakika 30. Inafika saa 9:30 usiku kwa saa za Delhi, ambayo Tokyo ni saa 1:00 asubuhi. Kwenye tiketi itasomeka 20:00 hadi 07:00, na asiyejua ataona safari ya saa 11. Ya kurudi iondoke Tokyo saa 5:30 asubuhi, ikae njiani saa 9 na dakika 30. Tokyo itakuwa saa 3:00 usiku, Delhi saa 11:30 jioni. Tiketi itasomeka 11:30 hadi 17:30, na mtu huyohuyo ataona safari ya saa sita. Safari inayoonekana ndefu kwenye karatasi ndiyo fupi, na inayoonekana fupi ndiyo itakayomchosha. Anayepanga dawa za mgonjwa, maziwa ya mtoto au muda wa kufuturu kwa kutoa saa moja kwenye nyingine atakuwa amepotoka kwa saa tatu na nusu, kwenda na kurudi.

Katikati ya njia mambo ni ya kuvutia zaidi. Delhi inatumia saa tano na nusu mbele ya saa ya dunia, Bangladesh sita, Myanmar sita na nusu. Ukivuka mpaka kuingia Yunnan, saa inaruka hadi nane, kwa sababu China nzima, pamoja na upana wake wote, inafuata saa ya Beijing. Japani ni tisa. Kwa msomaji wa Nairobi au Dar es Salaam, Tokyo iko mbele kwa saa sita kamili, na hilo lina zawadi yake kwa Mswahili: namba inayosomeka kwenye saa ya ukutani ya Tokyo ndiyo ileile tunayoitamka huku kwa hesabu yetu. Huku ikiwa saa moja asubuhi, mshale wa Tokyo uko kwenye moja, ingawa kule ni mchana.

Njia ya Delhi na Tokyo ina bahati kwamba siasa haijaifunga. Nyingine hazina bahati hiyo, na hapo kilomita hupoteza maana kabisa. Delhi hadi Tashkent ni kilomita 1,580 hivi kwa duara kuu, chini ya theluthi moja ya safari tuliyoichambua. Mstari wake unapita Pakistan na Afghanistan. Tarehe 24 Aprili 2025 Pakistan ilizifungia anga ndege za mashirika ya India, kama ilivyokuwa imewahi kufunga kati ya Februari na Julai 2019, na siku chache baadaye IndiGo ikasimamisha safari zake za Tashkent na Almaty, kwa kuwa njia ya kuzunguka ilizidi uwezo wa ndege ilizokuwa ikizitumia. Marufuku ilihusu ndege za India. Kwa shirika la nchi nyingine, Tashkent iliendelea kuwa kilomita zilezile kutoka Delhi.

Taipei na Shanghai zina kisa kirefu zaidi. Miji hiyo, mmoja wa Taiwan na mwingine wa China bara, imetenganishwa na kilomita 680 hivi, lakini kwa miongo kadhaa, ukiacha ndege chache za sikukuu, abiria alipaswa kwanza kwenda Hong Kong au Macau, abadili ndege, kisha apande kaskazini. Siku nzima iliishia njiani. Tarehe 4 Julai 2008 zikaanza safari za mwisho wa wiki zisizobadilisha ndege, ila ndege yenyewe bado ilitakiwa ishuke kusini kupitia anga la Hong Kong kabla ya kugeuka. Njia ya kukatisha mlango bahari wa Taiwan ilifunguliwa tarehe 15 Desemba mwaka huohuo, na safari ikapungua kwa zaidi ya saa moja. Ardhi haikusogea hata hatua moja, na wazee waliokuwa na ndugu upande wa pili walisogezewa ndugu zao.

Kwa anayenunua tiketi ya Tokyo leo, jina la jiji pekee halitoshi, kwani Tokyo ina viwanja viwili vya kimataifa. Haneda uko ndani ya jiji, Narita uko kilomita zipatazo 60 kutoka katikati. Saa moja aliyoipata kwa upepo wa nyuma inaweza kuisha ndani ya treni. Asome muda wa safari ulioandikwa na shirika lenyewe, aangalie tarehe ya kufika, na asome kila upande peke yake. Aangalie pia msimu. Mashirika duniani hubadili ratiba mara mbili kwa mwaka, Jumapili ya mwisho ya Machi na Jumapili ya mwisho ya Oktoba, na upepo ni mojawapo ya vinavyoingizwa humo. Ndege ya Tokyo kwenda Delhi iliyoandikiwa muda mrefu zaidi Februari kuliko Agosti imeandikwa na watu walioutazama mto ule wa hewa ukishuka kusini, wakampa rubani dakika zake.